Kikosi cha Marehemu

Ijumaa zote za miaka ile, sebule yetu ya Rashidiya ilikuwa bunge. Waliotoka msikitini na waliotoka kanisani, maana Dubai siku hizo hata ibada za kanisani tulizihamishia Ijumaa, walivua viatu mlangoni, wakaizunguka sufra ya nailoni, wakala pilau langu bila kuacha punje, halafu wakaanza kugombana kuhusu mpira. Na si mpira wa kwenye televisheni. Televisheni ilikuwa inaonyesha ligi za Ulaya, imezimwa sauti, hakuna anayeitazama. Waligombana kuhusu timu ya chuo chao cha ualimu kule nyumbani, tena si timu waliyoichezea wao, bali ile ya kwanza kabisa, ya waasisi, vijana waliocheza pekupeku wakati chuo kina mabweni mawili na kisima. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona mchezaji wa timu ile akigusa mpira. Wengi hawakuwa wamezaliwa.

Hilo halikumpunguzia mtu pumzi. Nilisikia habari za mshambuliaji aliyefungwa kitambaa chekundu mguu wa kulia, akakatazwa na serikali kuupigia mpira mguu huo kwa sababu siku moja alimuua kipa. Nilisikia habari za winga aliyekuwa anapiga kona halafu anakimbia kuiwahi mwenyewe kwa kichwa. Nilipouliza kutoka jikoni kama refa alikuwa amelala, nikaambiwa shemeji, mambo ya mpira tuachie wenyewe. Haya, nikawaachia, pamoja na sahani zao.

Mume wangu alikuwa mmoja wao. Alisomea ualimu, akafundisha kidogo, na sasa alikuwa dereva wa familia moja ya Mirdif, kazi yake kupeleka watoto shule na madam saluni. Mwenyekiti wao alikuwa msimamizi wa walinzi kwenye duka moja kubwa, mtu wa tumbo na kalamu mfukoni, asiyeweza kuomba chumvi bila kusema kwanza kwamba ana hoja. Hakuna aliyewaita mwalimu huku. Waliitwa wewe, na njoo, na yalla. Kwa hiyo Ijumaa walirudi kuwa walimu, kila mmoja anafundisha na hakuna mwanafunzi. Ningewahurumia zaidi kama wangekuwa wanaosha vyombo.

Aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote hakusoma hata chuo hicho. Alikuwa Mkenya, jirani yetu wa chumba cha pili, mpakiaji mizigo pale uwanja wa ndege. Hajawahi kukanyaga mkoa kilipo chuo. Alifuata harufu ya pilau Ijumaa moja, akakaa, na kabla mwezi haujaisha akawa ndiye shahidi mkuu wa kikosi cha waasisi. "Enyewe huyo namba kumi alikuwa noma," alikuwa anasema, huku anajichotea kachumbari, na walimu wazima wanatikisa vichwa kumkubalia.

Mwaka mmoja chuo kilikuwa kinajiandaa na jubilei, na tawi la Dubai la wahitimu wake likaamua kwamba zawadi yake itakuwa kibao cha shaba chenye majina kumi na moja, kikosi bora cha waasisi. Fundi wa Kihindi kule Al Ras angekichonga, mtu wa likizo angekibeba, na chuoni wangekipigilia kwenye ukuta wa bwalo. Ikabaki kazi ya kuwachagua hao kumi na moja, na hapo ndipo watu wazima walipoanza kununiana.

Mwanzoni walijadili yeyote yule. Ikatokea kipa mmoja mstaafu, mzima wa afya, akasikia kwamba Dubai wamemweka benchi. Alimpigia mwenyekiti simu kutoka Tabora akamtukana mpaka salio likaisha, akaazima simu ya mkwewe akaendelea pale alipoishia. Ijumaa iliyofuata mwenyekiti akaja na sheria mpya. Aliye hai hajadiliwi. Kikosi kitachaguliwa kutoka kwa waliotangulia mbele za haki peke yao, ili kuepusha maneno. Marehemu, alisema, hapigi simu. Wakapiga makofi. Sijawahi kuona watu waliosoma wakifurahia ujinga kiasi kile.

Sheria ile ilinigusa mimi, maana baba yangu alikuwa katika kikosi cha waasisi na alikuwa hai.

Baba alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mgane, anaishi Kondoa kwenye nyumba aliyoijenga kidogo kidogo na haijaisha hadi leo. Alicheza beki wa kushoto. Tulikua tukisikia habari hizo kila mara redio ilipotangaza mpira, na sisi watoto tulizichoka mapema. Kijiweni kwake, wanakokunywa kahawa, walimwita mzee wa fiksi, yaani mtunga uongo. Wenzake wengi aliocheza nao walishazikwa, na waliobaki wamesahau hata majina ya wake zao. Kwa hiyo baba hakuwa na shahidi. Aliposikia habari za kibao, yule mtu ambaye hakuwahi kuniomba Dubai hata saa ya mkononi, aliniomba.

"Mama," aliniambia kwenye simu, maana baba zetu hutuita mama tangu tunanyonya, "waambie waliandike jina langu. Sitaki kufa naitwa muongo."

Nikamwahidi. Ijumaa nikatoka jikoni na birika la chai ya maziwa, nikasema mbele yao wote kwamba baba yangu alikuwa beki wa kushoto wa kikosi kile, kwa hiyo naomba naye ajadiliwe. Mwenyekiti akaniuliza kama yu hai. Nikasema yu hai, namshukuru Mungu. Akaniuliza kama ni mgonjwa. Nikasema ana presha kidogo tu. Akafikiri, nadhani alikuwa anapima ile presha, halafu akatikisa kichwa. Khalas, shemeji, sheria ni sheria. Na papo hapo, ili kulainisha mambo, akaongeza utani. Kwetu msichana wa kazi za ndani huitwa beki tatu, kama beki wa kushoto mwenye jezi namba tatu, na wote pale walijua mimi Dubai niliingia kwa kazi hiyo, kwenye jumba moja la Mirdif, kabla sijapata kazi ya kaunta ya dobi. Mwenyekiti akasema kumbe hii ni kazi ya ukoo, beki tatu mtoto wa beki tatu. Walicheka mpaka Mkenya akapaliwa, na mume wangu naye akatabasamu, japo alijitahidi kutabasamu upande ambao sipo.

Nikalichukua birika langu nikarudi nalo jikoni. Hawakunywa chai siku ile.

Wiki nzima sikusema na mume wangu ila yaliyo lazima. Mwishowe akaona bora amani. Akaniambia nimpe picha ya baba, ataituma kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma chuo, tawi zima la Emirati, watu wamwone kwamba ni binadamu, pengine wengine watamwomba mwenyekiti alegeze. Wazo lenyewe halikuwa baya. Nikampa picha nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Baba amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, amevaa koti lake la kijivu, mikono juu ya magoti, anaitazama kamera kama anasubiri iombe radhi. Mume wangu akaituma Alhamisi mchana, akiwa anawasubiri watoto nje ya shule. Chini yake akaandika: "Baba mkwe wangu. Beki wa kushoto wa waasisi." Basi. Watoto wakatoka, akaweka simu, akaendesha gari.

Sasa jamani, yeyote aliyewahi kuwa kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwetu anajua maana ya picha ya mzee aliyevaa koti, amekaa kwenye kiti, iliyotumwa bila maelezo.

Wa kwanza alikuwa mtu wa Abu Dhabi, akaandika pole sana kaka, Mungu ailaze roho ya mzee mahali pema peponi. Baada ya hapo nani asome tena? Innalillahi zikamiminika. Zikaja amina, ikaja mikono iliyofumbatana, ikaja mishumaa. Mtu mmoja wa Sharjah, nadhani ndiye pekee aliyesoma yale maneno, aliandika hongera sana mzee wetu, akasutwa vibaya sana na akaomba radhi. Baba yangu ni Mkristo, lakini siku ile alisomewa dua na kuwashiwa mishumaa kwa pamoja, na mwenyekiti akatangaza kwamba kikao cha Ijumaa kitaanza kwa heshima maalumu.

Mume wangu alikuja kuyaona hayo jioni. Akayasoma yote. Halafu, badala ya kuandika neno moja tu, mzima, aliizima simu akaja kula. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema alitaka kusahihisha ila watu wote walikuwa wameshaandika, tena na mwenyekiti ameshaandika. Huyo ndiye mwanamume niliyeolewa naye. Anaweza kuipenya barabara ya njia sita na gari la watu, lakini kumwambia mwenyekiti umekosea, hapana.

Kwa hiyo Ijumaa mimi sikujua lolote. Nilikuwa jikoni, nasikia wanaingia, na nikashangaa mbona leo wanaingia kimyakimya. Nilipotoka na sinia la pilau niliwakuta wamesimama wote, vichwa chini, mikono mbele. Nikadhani wanaombea chakula, nikafurahi, nikasema moyoni leo wamepata adabu. Nikasimama nami na sinia langu la moto mpaka vidole vikaanza kuungua. Mwenyekiti akainua kichwa, akanitazama kwa macho ya huruma, akanipokea sinia kwa mikono yake mwenyewe. Hapo ndipo nilipoogopa. Mwenyekiti hajawahi kupokea chombo.

"Shemeji," akasema, "mzee wetu hakuwa wako peke yako."

Nikadhani baba amekufa na nimefichwa. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anaikagua kapeti, ameinama, masikio yamemwiva, na nikamjua. Mtu aliyefiwa na mkwe hawi na masikio yale. Nikafungua mdomo niulize, mwenyekiti akaniwahi, usiseme kitu shemeji, wewe pumzika, leo tutasema sisi.

Nikaenda jikoni, nikafunga mlango, nikampigia baba. Akapokea haraka, anatafuna. Nikamuuliza uko wapi, akasema nipo nakula mhogo, kwani vipi. Nililia kidogo kwa furaha na kidogo kwa hasira, halafu nikamweleza kadiri nilivyokuwa nimeelewa, kwamba hawa wanaume huku wanadhani amekufa. Baba akaacha kutafuna. Hakuuliza nani kamuua. Aliuliza wanasemaje.

Nikaufungua mlango kidogo nikaitoa simu kwenye ule upenyo. Mwenyekiti alikuwa ameshika moto. Alikuwa anasema kwamba hakuna winga katika mkoa mzima aliyewahi kumpita mzee yule, kwamba alikuwa beki anayepanda mbele wakati mabeki wa dunia nzima bado wanakaa nyuma, kwamba alikuwa mtu wa nidhamu, mnyenyekevu, asiyejisifu. Hilo la asiyejisifu lilinipa kikohozi. Mkenya akadakia kwamba ile siku ya fainali mzee alicheza na mguu umeteguka, dakika zote, bila hata maji. Fainali ipi, sijui. Akashindwa kumalizia, akajifuta machozi kwa shati la kazini, na ninavyomjua yalikuwa machozi ya kweli. Kisha mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi, beki wa kushoto wa kikosi bora cha waasisi awe marehemu mzee wetu. Hakuna pingamizi. Wiki mbili nyuma mtu huyohuyo hakuwa na sifa hata ya kutajwa kwenye chai.

Niliirudisha simu sikioni kwa hasira. Nikamwambia baba natoka sasa hivi nawaambia uko hai, unakula mhogo, nione nyuso zao.

"Ukiwaambia watanifuta?" akauliza.

Jibu alikuwa nalo tayari.

"Basi waache, mama. Usiseme neno."

Nikabishana naye kwa kunong'ona, mkono mmoja mdomoni. Nikamwambia ni uchuro kumwandika mtu amekufa na yu hai. Akasema yeye ameshaishi vya kutosha kama mtu aliye hai na haikumsaidia. Akaniambia pia nimwambie yule Mkenya kwamba mguu ulioteguka ulikuwa wa kulia, kisha akakumbuka kwamba haiwezekani, akacheka mwenyewe mpaka akakohoa.

Nilitoka nikakaa kwenye kiti walichoniwekea, nikapokea pole zao na tende zao. Nikajifunika kanga usoni, na mabega yakanicheza, nao wakaambiana mwacheni alie. Mume wangu alinitazama mara moja tu. Alijua nitamshughulikia wakiondoka, na nilimshughulikia.

Fundi wa Al Ras alikichonga kibao vizuri sana, herufi kubwa, na mbele ya kila jina neno Marehemu. Mume wangu alipokuja kunionyesha kabla hakijasafirishwa, niliisoma ile shaba yenye jina la baba yangu, kidole juu ya lile neno Marehemu. Kikaenda. Nikamwambia baba kwamba sasa kiko njiani, na kwa sababu ya hali yake asiende kwenye jubilei. Akasema sawa. Ningejua sawa yake ningemfungia mlango kwa rimoti kutoka Dubai.

Alikwenda. Alivaa lile koti la kijivu akapanda basi mpaka chuoni, akajipenyeza bwaloni nyuma ya wageni. Mkuu wa chuo, kijana ambaye hakuwajua waasisi hata kwa sura, alimwona mzee aliyeng'ang'ania kukitazama kibao, akamuuliza anamjua nani pale. Baba akaonyesha jina lake. Akaulizwa uhusiano wake na marehemu. Akasema mimi ni mdogo wake. Wakasema mnafanana sana, wakampeleka mstari wa mbele kwenye viti vya familia, wakampa soda. Wakasoma risala kutoka Dubai, yote aliyoyasema mwenyekiti na mengine aliyoyaongezea, na baba yangu akayasikiliza hadharani, ameshika soda yake, huku wanafunzi wanapiga makofi.

Alinisimulia haya kesho yake, mimi niko kwenye kaunta ya dobi, kanzu za watu zimenizunguka. Nilianza kwa kumgombeza na nikamalizia kwa kucheka, lakini yeye hakucheka sana. Aliniambia alilia pale mbele za watu. Aliniambia hakujua alikuwa mtu mzuri hivyo.

"Hivi mama," akasema, "siku yangu ikifika kweli, na wewe utasema kama wale?"

Nikamwambia sitasema hata neno lao moja. Mimi sikumwona akicheza, sijui alikuwa beki wa namna gani, na wale pia hawajui. Nikamwambia nitakayosema mimi ni haya. Nilipopata kazi ya Mirdif, shangazi zangu walikaa kikao kwamba ni aibu, mtoto wa mwalimu kwenda kuosha nguo za Waarabu, na kaka zangu wakakubali, na siku ya kuondoka hakuna aliyetoka nje ya mlango. Yeye alivaa koti, akabeba begi langu kichwani, mwalimu mzima, akapita nalo katikati ya soko, na kila aliyemuuliza wapi akamjibu kwa sauti kwamba anamsindikiza binti yake anakwenda kazini. Nikamwambia kwamba nampenda kwa hilo, na kwamba sikutaka kungoja.

Mteja alikuwa ananigongea kaunta kwa funguo za gari.

"Hilo hawakulisema pale," baba akasema.

"Hawakulijua, baba."

"Basi lirudie," akasema, "nilisikie vizuri."

Nikamwonyesha mteja kiti, nikalirudia.